Nilimtisha Mwanangu kwa Senene Ili Ale Mboga

Kosa ni langu. Naliandika sasa hivi kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kulipaka poda. Nitasema oo, malezi ya siku hizi, oo, shetani. Hapana! Shetani siku ile alikuwa zake amepumzika. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Jina silitaji. Bukoba mji wenyewe ndio huu, na waliokuwepo siku ile wakinikuta sokoni bado wananipungia viwiko kama mabawa. Mtoto wangu nitamwita Gonza. Ana miaka mitano na ana akili kuliko mimi, kama utakavyoona.

Nina hasira, msomaji wangu. Nina hasira na bustani ile ya watoto kule ufukweni, na chipsi zao, na kinamama wa kanisani walioiga ujinga wangu halafu wakanigeuka. Lakini hasira iliyonikaa kooni ni ya mimi mwenyewe.

Sikia ilivyokuwa.

Nina saluni ndogo Miembeni. Nasuka, naosha, naweka dawa. Gonza amekulia pale chini ya kiti cha wateja, na mlango wa pili kuna kijana anakaanga chipsi. Unadhani nilifanya nini mtoto akilia na mimi nina kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa nusu kimesimama? Nilimpa chipsi. Akilia tena, chipsi na soda. Alipofika miaka minne alikuwa hajui kulia bila kunyoosha mkono.

Vyakula vingine akavifungia milango. Kitoke, ndizi zetu za kupika, alikuwa anakisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayeamsha mlevi. Maharage alisema yanamwangalia. Mchicha aliuita nyasi, na mimi akaniuliza kama namwona ana pembe. Kuhusu choo nisiseme mengi, ila siku akifanikiwa nyumba nzima tulikuwa tunapiga makofi. Na pale kliniki nesi aliniambia mbele ya foleni, "Mama, huyu mtoto damu yake haitoshi. Unamlisha nini?" Nikajibu, "Kila kitu." Foleni nzima ikamwangalia Gonza, ameshika pakiti ya biskuti.

Na mimi je? Ngoja niseme ukweli, uongo umenitosha. Nyanya chungu sili. Nimeolewa kwenye ukoo ambao kitoke bila nyanya chungu ni kama ibada bila sadaka, na miaka yote hii nimekuwa nikizisogeza kwenye sahani ya baba Gonza akigeuka kunawa. Mume wangu anazunguka Kanazi kununua kahawa, akirudi amechoka anakula chochote alichokikuta. Hajawahi kujiuliza kwa nini zake huwa nyingi.

Sasa akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa Muleba kwenye migomba yake na mibuni yake. Alikuja kututembelea na mkungu wa ndizi, akamenya chache akazipika kwa mkono wake, akamwekea mjukuu. Gonza akaonja kidogo, macho yakamtoka, akazitema kwenye kiganja cha bibi yake. Kwenye kiganja!

Bibi akakiangalia kile kiganja muda mrefu. Akasema, "Mama Gonza, huyu mtoto ni wa Kihaya au mlimwokota uwanja wa ndege?"

"Waitu mama," nikajibu kwa heshima zote, "ni watoto wa mjini tu, atazoea."

"Atazoea lini? Akiolewa? Basi sikia, bojo, mwanangu. Likizo ikifika bado hali, namchukua. Atakaa na mimi Muleba, shule ziko hata kule. Wewe endelea kusuka."

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Alikuwa anauangalia mkungu kama umemwita jina. Mama yake alipoondoka ndipo aliposema, "Lakini mama ana hoja."

Ana hoja! Mwanangu wa pekee achukuliwe na nibaki na hoja! Nililala nimegeukia ukutani, na nikaapa kwamba likizo itamkuta Gonza anakula kama mkulima.

Nilijaribu kila kitu. Nilikata karoti kama nyota, akazipanga dirishani. Nilisaga mchicha nikauficha kwenye chapati, akaichambua ile chapati kama polisi anapekua begi. Nilimfanyia kijiko kuwa ndege, akaniambia uwanja umefungwa.

Ndipo kanisani ikatangazwa kwamba watoto wa Shule ya Jumapili watapelekwa kwenye ile bustani ya ufukweni. Kama hujafika, kuna bembea, kuna kitreni, kuna lile jumba la upepo la kurukia, na kuna Senene Mkubwa. Ni mtu amevaa vazi la senene, la sponji na kitambaa cha kijani, kichwa kama pipa, mabawa ya nailoni mgongoni. Anacheza muziki na kupiga picha na watoto. Sisi Wahaya senene ni wetu, wale panzi wa kijani tunaowakaanga, kwa hiyo mwenye bustani akaona wengine wakiweka simba na dubu, yeye ataweka senene. Gonza aliwahi kumwona siku wanatangaza kwa gari barabarani, akajificha nyuma ya sketi yangu.

Nikaikumbuka ile sketi. Jioni moja amekataa maharage, mikono ameikunja kifuani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Gonza, unamjua yule Senene Mkubwa wa bustanini?"

Mikono ikakunjuka.

"Yule ananusa tumbo la mtu. Mwenye mboga tumboni anampa mkono. Mwenye chipsi tupu anambeba, anaruka naye mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Mpaka Uganda?"

"Mpaka Uganda."

"Akifika anamfanya nini?"

"Anamla."

Akafikiri. Akauliza, "Na chumvi?"

Ningelisikiliza lile swali, jamani! Mtoto aliyeogopa haulizi habari za chumvi. Mimi nilikuwa nimeshikwa na ufundi wangu, nikasema ndiyo, na chumvi, na kitunguu.

Kesho yake akaniomba simu ampigie bibi yake. Akaenda kuongea nyuma ya nyumba, kwa Kihaya chake cha kuvunjika. Aliporudi akakaa kitako, akavuta sahani. "Mama, niwekee mboga."

Nikaweka. Akala. "Niongeze."

Niliingia chooni nikalia kwa furaha. Nisingelia ningepasuka.

Kuanzia hapo mtoto alikula. Mchicha, maharage, dagaa na vichwa vyao. Kitoke alikuwa anakitafuna huku amekaza macho kama anakata kuni. Kila baada ya kula alikuwa ananipa mkono wake, "Shika hapa mama. Pamekuwa pagumu?" Nashika, nasema pagumu kweli. Anatikisa kichwa, anashuka kwenye kiti. Mimi nikawa naona afya. Sikujua naona mazoezi.

Na unafikiri nilinyamaza? Nilijisifu! Nilimwambia mama wa kwanza kanisani, naye akajaribu kwake, ikafanya kazi. Akamwambia wa pili. Muda si mrefu nusu ya Shule ya Jumapili ilikuwa inakula mchicha kwa kumwogopa mdudu. Kinamama wakawa wananiita mwalimu. Nikaitika!

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Nikampigia mama mkwe aje mwenyewe ashuhudie. Nilitaka aone kwa macho, afunge ule mdomo wake wa likizo. Akaja na kikapu kichwani.

Tulikusanyika kanisani, tukakuta jambo moja limewanyong'onyeza watoto. Mwalimu Eliudi, kijana anayewafundisha nyimbo na wanampenda kuliko baba zao, hakuwepo. Mzee wa kanisa akasema amepata dharura. Gonza akauliza dharura ni nini. Mzee akasema ni kitu kinachomchukua mtu ghafla. Kwa hiyo watoto wakaenda bustanini wanajua mwalimu wao amechukuliwa ghafla na kitu. Nani angejua kwamba hilo nalo lingetugharimu!

Getini mlinzi akakishika kikapu cha mama mkwe. Ndani kuna kitoke kimefungwa kwenye jani la mgomba, kina dagaa na nyanya chungu, bado kinatoa moshi.

"Mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Cha nje kipi? Hiki cha Muleba."

"Ni utaratibu mama. Chakula kinauzwa ndani."

"Kinauzwa nini?"

"Chipsi."

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama ziwa. Sasa hebu niambie wewe unayesoma, bustani ya watoto, mlangoni wanazuia kitoke, ndani wanauza mafuta! Hilo nalisema na sitaomba radhi. Kikapu kikabaki kwa mlinzi.

Ndani, watoto wakakimbilia bembea. Mama mkwe akakaa kwenye benchi akimwangalia mjukuu wake amekataa chipsi, amekataa soda, ameomba maji. Alinigeukia, akasema taratibu, "Mama Gonza, umejitahidi." Neno hilo kutoka kwake! Nilisikia miguu inakuwa myepesi.

Na wepesi huo ndio ulionipeleka nyuma ya kibanda.

Nilikuwa na njaa. Tangu nimwanzishie Gonza zile mboga nilikuwa sijagusa chipsi mbele yake. Nikasema ngoja nijipongeze kidogo. Nikanunua chipsi mayai, nikajibanza nyuma ya kibanda, nikala haraka haraka kama mwizi. Mafuta mpaka kidevuni. Nikasikia sauti ndogo nyuma yangu.

"Mama."

Gonza. Anaangalia kidevu changu.

"Mama umekula chipsi tupu?"

"Kidogo tu, Gonza, ni..."

Muziki ukalia. Senene Mkubwa akatokea anarukaruka, akageuza kichwa kile cha pipa, na kati ya watu wote waliojaa pale akaniona mimi. Akafungua mikono. Akaanza kunijia anacheza.

Nisikilize vizuri hapa. Gonza hakukimbia. Alisimama kati yangu na yule mdudu, amekunja ngumi, akapiga kelele iliyozima muziki:

"Anamchukua mama! Anamchukua mama! Njooni tumnyonyoe!"

Nusu ya watoto walianguka chini kwa kilio, wengine wakaparamia mama zao. Lakini nusu nyingine, waliokula mboga zote, wakaja. Yesu wangu, walikuja! Gonza mbele anatoa amri, "Bibi kasema mabawa kwanza! Mabawa! Halafu miguu!"

Wewe si wa kwetu labda hujui. Senene akikamatwa haliwi hivi hivi. Unamnyonyoa mabawa na miguu kwanza, ndipo unamkaanga. Gonza msimu uliopita alikaa na bibi yake akajifunza, na bibi yake ni bingwa. Mama huyu kanyonyoa senene tangu utoto, na enzi zao wanawake walinyonyoa tu, wakala wanaume. Ana miaka yote hiyo ya kunyonyoa bila kuonja. Mwanafunzi wake unategemea aweje?

Mabawa yalitoka sekunde ile ile. Mguu mmoja wa sponji ukaenda. Senene akapiga magoti anasema kitu ndani ya pipa, hatusikii. Watoto wawili wakashika kichwa, wakavuta. Kikachomoka.

Chini yake, ametota jasho, alikuwa Mwalimu Eliudi.

Kakasikika kasauti kamoja, "Kammeza mwalimu!"

Hapo ndipo walipomvamia kweli kweli. Sasa ilikuwa kazi ya kumwokoa. Wengine wanamvuta mikono atoke, wengine wanampiga senene tumboni amtapike, na tumbo la senene si ndilo tumbo la Eliudi! Maskini kijana wa watu anasema, "Wanangu, ni mimi, ni mimi," nao wanamjibu, "Tunajua mwalimu, vumilia!" Mpaka tunawatoa, vazi lilikuwa matambara na kiwiko cha Eliudi kimeteguka. Kumbe kazi hiyo aliifanya kila Jumamosi ajipatie chochote, akaona aibu kuwaambia wazee wa kanisa, na siku ile alikosa ruhusa kwa meneja wa bustani. Dharura yenyewe ndiyo hiyo.

Mpaka hapa cheka. Wote tunacheka sasa. Ila kosa langu lenyewe sijalifikia.

Meneja alikuja mbio, mwanaume wa kitambi, kijasho kinamtoka. "Nani kawafundisha watoto huu ushenzi? Nasema nani?"

Kinamama wote wale walioniita mwalimu wakanigeukia. Gonza naye akaniangalia, anangoja. Ningesema mimi. Neno moja! Nikaangalia pembeni, nikamwona mama mkwe anakuja na fimbo yake, na nikafikiri likizo. Nikafikiri nikisema ni mimi, ataondoka na mtoto leo leo.

Nikanyoosha kidole. "Bibi yake. Si mmesikia? Bibi kasema mabawa kwanza. Ndiye aliyemfundisha."

Ole wangu!

Mama mkwe alisimama. Akaniangalia, akamwangalia Gonza, akaniangalia tena. Alijua. Mtoto alishamweleza kwenye simu habari yote ya Senene anayenusa matumbo, na maneno hayo yalitoka kwa nani. Angeweza kunimaliza pale pale. Akakaza kanga yake, akainamisha kichwa mbele ya yule meneja anayeweza kuwa mwanawe.

"Ni mimi, waitu. Mnisamehe. Mtoto aliniambia kuna senene anamtisha, nikamwambia sisi senene hatumwogopi, tunamnyonyoa, kula upate nguvu. Mimi ni mtu wa shamba. Sikujua kwamba senene wa mjini wana watu ndani."

Watu wakacheka. Mlinzi akamsindikiza nje. Akakaa pale nje ya geti kwenye jiwe, na kikapu chake mapajani, mpaka tulipomaliza. Na mimi nilibaki ndani. Nilipanda na kitreni! Nakwambia nilizunguka na kitreni, kila kikipita upande wa geti naona kilemba cha mama mkwe.

Nyumbani Gonza hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya.

"Mama, Senene ana mtu ndani?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo habebi watoto."

"Habebi."

"Ulikuwa unajua?"

Nikajifanya natafuta kitana.

"Na bibi alitolewa nje kwa nini?"

Kitana nikaendelea kukitafuta. Kesho yake mezani akasukuma sahani ya mchicha kwa kidole kile kile. "Senene hayupo. Nile ya nini?"

Na haikuishia kwenye mchicha. Nikimwambia piga mswaki meno yasioze, anauliza, "Ni kweli au ni ya senene?" Nikimwambia baba anarudi jioni, "Ni kweli au ni ya senene?" Siku moja nikamwambia nampenda. Akaniangalia hivi. Akauliza vile vile.

Likizo ikafika. Mama mkwe alikuja kumchukua bila kusema neno lolote la bustani, na huko kunyamaza kwake kulinichapa kuliko fimbo. Baba Gonza alipakia begi mwenyewe, na nguo za shule akaweka. Nikaziona. Gonza alinipungia mkono kwa adabu, kama unavyompungia mgeni.

Nyumba ilivyokuwa kimya sikuiweza. Nikaenda kwa Mwalimu Eliudi kuomba radhi, nikamwambia yote, na kidole nilivyokinyoosha. Akacheka mpaka kiwiko kikamuuma. Halafu akaacha kucheka, akaniambia meneja hamngojei. Asipopatikana wa kuvaa Jumamosi ijayo, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine.

"Vazi lenyewe si limekwisha?" nikasema.

"Akipatikana wa kulishona na wa kulivaa, ataniwekea nafasi yangu."

Nilishona usiku na mchana. Mabawa ya nailoni yalikuwa hayashoneki, nikachukua pazia la sebuleni kwangu, la kijani, nikalikata. Na Jumamosi nikaingia mwenyewe ndani ya senene, posho inaenda kwa Eliudi.

Mle ndani! Joto kama la chungu kilichofunikwa, na harufu ya kila aliyewahi kutokwa jasho mle. Unaona kwa kitundu cha mdomo. Ila unasikia vizuri ajabu. Jumamosi ya kwanza nikamsikia mama mmoja, kucha nzuri, nywele nilizisuka mimi mwenyewe, anamwambia mwanawe aliyekataa ndizi, "Unamwona huyo? Usipokula nampa akubebe."

Yule mtoto akaniangalia. Niliyaona macho yake kwa kile kitundu. Yalikuwa yanapima nani atamwokoa, na hakumwangalia mama yake. Nilitaka kuvua kichwa nimtukane yule mwanamke mpaka ukoo. Nikakumbuka maneno aliyoyasema ni yangu, yametoka kwenye meza yangu, yamefika mpaka hapa kwa miguu yao.

Jumamosi moja mwishoni mwa likizo nimetoka nje ya geti kupumzika, nimekaa kwenye jiwe lile lile, kichwa cha senene bado nimekivaa sababu kikivuliwa hakirudi kirahisi. Nikaona miguu midogo imesimama mbele yangu. Nyuma yake fimbo.

"Mama."

Nikavua kichwa, sikio nusura libaki ndani. "Umejuaje?"

"Mabawa yako ni pazia letu."

Amenawiri, mashavu yamejaa. Mama mkwe amesimama na kikapu. Kwetu mwanamke humpigia magoti mama mkwe akimsalimia, nami nikapiga magoti pale pale na mabawa yangu, watu wanapita wanatazama senene anamsujudia bibi kizee.

"Waitu mama, nilikusingizia. Uongo wa senene ni wangu. Nilikuogopa wewe kuliko Mungu."

"Nilijua," akasema. "Inuka, unachafua pazia."

Sikuinuka. "Gonza anarudi na nani?"

"Mimi maneno yangu ya kumchukua nilishayasema. Sasa muulize mwenyewe, ana mdomo."

Nikamgeukia. Gonza akafikiri, kama siku ile ya chumvi.

"Kwa bibi nakula vyote. Bibi anaanza yeye, halafu mimi. Mama, wewe nyanya chungu unakula?"

Mdomo wangu ukataka kusema ndiyo. Naapa ulikuwa umeshafunguka!

"Sili," nikasema. "Sizipendi. Huwa nazisogeza kwenye sahani ya baba akigeuka."

Mama mkwe akasema "Ehee!" kwa sauti ya mtu aliyetafuta kitu miaka mingi.

"Ni kweli au ni ya senene?" Gonza akauliza.

"Ni kweli."

Akafungua kikapu, akakunjua jani, akamega kitoke kikubwa, akakandamiza katikati kipande kidogo cha nyanya chungu. "Mimi pia zilinishinda. Unaweka kitoke kingi, nyanya kidogo. Fungua mdomo."

Nikafungua. Chungu, jamani! Chungu mpaka masikioni! Machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya uchungu wa nyanya. Akaniangalia koo mpaka niliposhusha.

"Sasa twende nyumbani," akasema.

Tulienda. Ni mtoto wangu, yuko chumba cha pili anaimba. Lakini bado ananiuliza. Si kila siku, ila juzi juzi aliniuliza tena, na nilistahili. Mezani tunakula sawa sasa, mimi naanza, na baba Gonza analalamika kwamba siku hizi nyanya chungu zimepungua kwenye sahani yake.

Mama mwenzangu, mtoto hataki mboga? Kaa chini ule naye. Akitema, futa. Ukichoka, piga kelele, mimi pia napiga. Ila usimtengenezee mdudu, maana mtoto atamwamini, na siku mdudu akija atasimama mbele yako akupiganie, na wewe kidevu kinang'aa mafuta.

Na ukipita bustanini ukamwonyesha mwanao yule Senene Mkubwa na kumwambia atambeba, kumbuka ndani kuna mtu anasikia kila neno. Kiwiko cha Eliudi hakijapona. Jumamosi hii bado ni mimi.